Maswali yenu: Mtoto mwenye usonji anaposema "sitaki" na hakuna anayemsikia

SWALI: Habari dada, naomba unisaidie maana nimefika mwisho. Kijana wangu ana miaka 4, ana usonji, haongei zaidi ya maneno machache kama "maji" na "twende", ila anatumia kadi za picha alizofundishwa na terapisti wake wa kuongea. Akitaka biskuti analeta kadi ya biskuti, akitaka mpira analeta ya mpira, hapo tunaelewana vizuri kabisa. Shida ni pale asipotaka kitu. Kumvalisha soksi, kumchana nywele, kumtoa kwenye maji akiwa anaoga, yani ni vita. Anaanza kuvuta sikio lake, anageuza shingo, anatoa kasauti fulani puani kama anaimba, alafu ghafla ananing'ata. Nina alama mkono mzima. Juzi kamng'ata ticha wake na wameniambia ikijirudia nitafute shule nyingine. Mama mkwe anasema samaki mkunje angali mbichi, nisimwachie, nimlazimishe mpaka azoee. Terapisti yeye anasema sasa tumfundishe kukataa. Mi nimechanganyikiwa, mtoto mkaidi hivi nimfundishe tena kukataa? Si ndo atakataa kila kitu? Mama wa mtoto wa miaka 4.

JIBU: Pole sana mama, na ahsante kwa kuandika kwa undani maana jibu karibu lote liko ndani ya barua yako mwenyewe. Umesema anavuta sikio, anageuza shingo, anatoa sauti puani, ndo anang'ata. Sasa hesabu hapo. Mwanao amekwambia sitaki mara 3 kabla ya meno. Mara zote hizo soksi iliendelea kupanda mguuni. Ya 4 ndo ikafanya kazi, maana mtu akiumwa anaachia, na mtoto yeyote mwenye akili timamu angejifunza hivohivo kwamba hapa nyumbani sikio halisikiki, shingo haisikiki, meno yanasikika. Kwahiyo mi siuoni ukaidi hapo. Namuona mtoto aliyejaribu kwa adabu kwanza.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, waliwaangalia watoto wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wanafanya fujo darasani, wakatafuta kwanza fujo inatokea wakati wa jambo gani. Kuna waliofanya fujo kazi ikiwa ngumu, na kuna waliofanya wakiwa hawaangaliwi na mtu. Alafu wakawafundisha sentensi fupi ya kusema badala ya fujo, kama vile kuomba msaada. Fujo zikapungua sana, ila pale tu sentensi ilipolingana na sababu. Mtoto aliyeshindwa na kazi ukimfundisha kuomba kuangaliwa haimsaidii kitu, anaendelea na fujo zake kama kawaida. Naomba ukumbuke hilo la kulingana maana nitalirudia.

Sasa fungua hilo faili la kadi za mwanao uangalie kuna nini ndani. Nina uhakika utakuta biskuti, mpira, maji, bembea, labda na picha yako. Huu mfumo wa kubadilishana picha ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost mwaka huohuo wa 1985 unaanza na kuomba, na ni sawa kabisa kuanzia hapo, mtoto anajifunza haraka kwamba nikimpa mtu picha napata kitu ninachokipenda. Shida wengi wetu tunaishia hapohapo. Tunamjengea mtoto lugha nzima ya "nipe" na hatumpi hata kadi moja ya "toa", alafu tunashangaa anatumia meno. Terapisti wako yuko sahihi, na mi ningesema amechelewa kidogo, ila bado ni mapema kwa mtoto wa miaka 4.

Lakini kukataa si kitu kimoja mama. Angalia mifano yako mwenyewe. Kwenye maji hakatai kuoga, anakataa kutoka, kwahiyo kadi ya "sitaki" haitamsaidia, anahitaji "bado". Kwenye soksi inawezekana ni ule mshono wa vidoleni unamkera mpaka hawezi kufikiri kingine, watoto wengi wenye usonji ngozi zao zinahisi vitu kwa namna ambayo sisi hatuihisi, jaribu kuigeuza nje ndani au utafute isiyo na mshono, na hapo anahitaji "inauma" au "sitaki". Kwenye nywele tumeshaanza kuchana na amevumilia kidogo, anahitaji "basi". Ndo ile habari ya kulingana. Ukimpa neno moja la kutumia kila mahali litamwangusha sehemu nyingine na atarudi kwenye meno. Lakini usimmwagie yote kwa wakati mmoja. Anza na moja, na mi ningeanza na "basi" kwa sababu ni rahisi kwako kuitii: kitana cha nywele kinashuka, kwisha.

Namna ya kufundisha. Kwanza sio katikati ya vita, mtoto akishapandwa na hasira hasomi kadi, hata mtu mzima hasomi. Fundisha wakati wa raha. Mchezo wa kutekenya unafaa sana kama anaupenda: unamtekenya kidogo, unasimama, unagusa kadi ya "basi" wewe mwenyewe huku unasema "basi", unarudisha mikono nyuma kabisa aione. Unasubiri. Akirudi kutaka tena, unaendelea. Anajifunza kwamba lile neno linasimamisha mikono ya mtu mzima, na kwa mtoto ambaye siku nzima anashikwa, anavutwa, anafutwa pua, anavalishwa, hilo ni jambo kubwa mno.

Alafu unaenda kwenye vita vyenyewe. Kadi iwe imebandikwa palepale, ukutani unapomchania, sio kwenye begi mlangoni. Unaanza kuchana huku macho yako yako kwenye sikio lake. Mkono ukienda tu sikioni, simama, onyesha kadi, sema "basi, umesema basi", weka kitana chini. Usisubiri aguse kadi ndo umsikilize, sikio lake ni neno tayari, we unamwonyesha tu kwamba lina jina. Baada ya muda unapoona mkono unaenda sikioni unasimama lakini huonyeshi kadi mara moja, unahesabu kimoyomoyo mpaka 10 ukimwangalia bila kusema kitu, maana wengi wao wanahitaji muda zaidi kuchakata jambo na sisi tunawakatisha kwa kuongea. Siku ataigusa mwenyewe. Kitu kimoja sikubaliani nacho na wapo wataalamu wanaokifanya: kumshika mtoto mkono kwa nguvu kumgusisha kadi ya kukataa. Unamfundisha kukataa huku umemshika kwa nguvu, sasa hapo anajifunza lipi?

Kama kadi zinapotea potea, chagueni na terapisti ishara ya mkono, kiganja mbele tu inatosha. Mkono hausahauliwi nyumbani. Na kama kuna mtu kakutisha kwamba kadi na ishara zitamfanya asiongee kabisa, mapitio ya tafiti ya Millar, Light na Schlosser ya mwaka 2006 yalikuta kwenye tafiti zilizofanywa kwa umakini hakuna aliyepungukiwa kuongea kwa sababu ya kufundishwa njia nyingine ya kuwasiliana, na walio wengi waliongeza kidogo.

Sasa swali lako la msingi, si ndo atakataa kila kitu? Mwanzoni ndiyo, atakataa sana. Amepata kitu kipya chenye nguvu na lazima ahakikishe kinafanya kazi kweli, leo na kesho na kwa baba na kwa bibi. Ukikubali "basi" zake karibu zote kipindi hicho cha mwanzo, hata kama nywele zinabaki nusu hazijachanwa, anatulia. Ukikubali moja na kupuuza mbili utamrudisha kwenye meno tena kwa kasi, kwa sababu umemfundisha kwamba kadi ni ya kubahatisha na meno hayabahatishi. Ikishakaa vizuri ndo unaanza kunyoosha: amesema basi, unajibu "nimesikia, mara 2 tena alafu basi", unachana mara 2 kweli, sio 5, na unaacha. Ukidanganya hapo kwenye namba umeharibu kazi ya wiki nzima.

Na yapo mambo hayana mjadala, dawa, mkanda wa gari, kushikwa mkono barabarani. Hapo kosa letu kubwa ni kuuliza. "Baba, utakunywa dawa?" Akijibu hapana utafanyaje? Utamnywesha tu, kwahiyo ulimuuliza ya nini. Kama hakuna kuchagua usiulize, mwambie "sasa dawa" na mpe uchaguzi ulio wa kweli, kwa kikombe au kwa sirinji, ukiwa umepakatwa au umekaa kwenye kiti. Akikataa bado mwambie umemsikia: "umesema hutaki, najua haina ladha nzuri, dawa ni lazima, nahesabu mpaka 5 tunamaliza." Kusema hutaki hakupewi adhabu hata pale ambapo jambo litafanyika. Hilo mama ndo naomba ulishike kuliko yote niliyoandika.

Kwa mama mkwe, usibishane naye, anampenda mjukuu na anaogopa atakuja kuwa mtu asiyeambilika. Mkaribishe siku moja akae pembeni aangalie sikio. Mwambie tu, mama, angalia mkono wake ukienda sikioni. Nadhani akishaona mwenyewe kwamba mtoto anatoa taarifa kabla ya kung'ata mtakuwa na mazungumzo mengine kabisa. Ticha naye mpe habari hiyohiyo kwa karatasi fupi: akivuta sikio amesema basi, tafadhali simama. Na muombe kila akitaka kung'ata aandike kilichotokea dakika moja kabla, sio baada. Shule inayotaka kumfukuza mtoto ikiwa haijaandika hata mara moja ni nini kilitangulia, bado haijafanya kazi yake.

SWALI: Dada salamu. Mi ni baba, binti yangu ana miaka 7, ana usonji, anaongea. Kila mtu anamsifia mpole, hana usumbufu. Ukimuuliza chochote anasema ndiyo. Ukimuuliza unataka kukaa au kwenda anasema "kwenda", ukigeuza unataka kwenda au kukaa anasema "kukaa". Juzi mtoto mkubwa shuleni kamwambia avue viatu ampe, akavua akampa, karudi nyumbani peku na wala hakulia. Mke wangu anasema nakuza mambo. Nakuza?

JIBU: Hukuzi kaka. Kwa kweli barua yako imenitia wasiwasi kuliko ile ya juu. Mtoto anayeng'ata angalau watu wanajua kuna tatizo, huyu wa kwako anasifiwa.

Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, yakionyesha watoto wenye ulemavu wana uwezekano mara 3.7 zaidi ya wenzao wa kufanyiwa ukatili wa aina fulani. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo yeyote anayekaa na watoto hawa anaiona: mtoto aliyefundishwa tangu mdogo kwamba kutii kila mtu mzima ndo uzuri wake, hawezi kuchagua siku moja mtu wa kutomtii. Viatu ni viatu, vinanunuliwa vingine. Mi nafikiria ombi litakalofuata.

Kwanza hilo la "kwenda, kukaa". Anarudia neno la mwisho, ni kawaida kwa watoto wengi wenye usonji, kwahiyo hicho ulichokuwa unakichukulia kama jibu si jibu. Acha kumuuliza kwa mdomo mambo ya maana kwake. Mwonyeshe vitu vyenyewe au picha mbili, na weka ya 3 yenye alama ya "hapana, hakuna ninachotaka". Hiyo ya 3 inasahaulika kila mahali, tunawapa watoto kuchagua kati ya vitu viwili wakati wao hawataki hata kimoja. Badilisha na upande wa kuziweka, ya kulia iende kushoto, uone kama anafuata picha au anafuata upande.

Alafu fundisha "hapana" kwa vitu vya wazi na vya kuchekesha kabla ya vitu vizito. Mvalishe kiatu kichwani, uliza "kiatu kinakaa hapa?" Mwite kwa jina la paka. Mpe supu na uma. Ajibu hapana, na kila akijibu hapana furahi kwelikweli, mpe mkono, maana maisha yake yote amefurahiwa kwa ndiyo. Na akusikie na we ukikataa. Mama akikuuliza chai tena, sema kwa sauti "hapana, nimetosheka", na mama aseme "sawa" bila kununa. Watoto hawa wengi hawajawahi kuona mtu mzima akikataa kitu na dunia ikaendelea salama.

Mwili wake ndo sehemu ya kusimamia zaidi. Hakuna kulazimishwa kukumbatia wala kubusu mtu, hata ndugu wa damu, hata kama amesafiri kutoka mbali. Apewe njia yake ya kusalimia, kupunga mkono, kugonganisha ngumi, akichagua inaheshimiwa. Ukimwogesha mwambie unachotaka kugusa kabla hujagusa na usubiri. Kwa daktari wa meno au wa kawaida ongea naye kabla, mkono wa mtoto ukienda juu yeye anasimama, na akisimama kweli mara ya kwanza mtoto ataweza kukaa muda mrefu zaidi mara ya pili, hilo nimeliona kwa watoto wengi.

Jambo jingine watu hawalijui, wengi wenye usonji wanachelewa kuhisi hali ya ndani ya miili yao, njaa, haja, kuchoka, woga. Inawezekana binti yako alipovua viatu hakujua bado kwamba anaogopa. Kwahiyo usimuulize tu "ulijisikiaje", atasema vizuri. Msaidie kwa vitu vinavyoonekana: mabega yako yamepanda, umekunja ngumi, tumbo linakaza, mwili wako unasema haujapenda. Mpe na maneno machache ya kujitetea yanayofaa umri wake, yafanyie mazoezi kwa maigizo na midoli mpaka yatoke yenyewe. "Hicho ni changu." "Sielewi, rudia." "Kelele inaniumiza, natoka." "Namwambia baba." Hayo ya kuomba msaada na kueleza anachohitaji ni muhimu sawa na kukataa, na ndo yatamsaidia mpaka ukubwani. Mkaribishe mkae naye muandike ukurasa mmoja wa kumpa mwalimu mpya, ninachopenda, kinachonichosha, nikinyamaza inamaanisha nini. Aandike au achore yeye, usimuandikie yote.

Kama anaenda terapi yoyote, nenda ukaulize swali moja: mtoto akisema hapana ndani ya kipindi, mnafanya nini? Sikiliza jibu vizuri. Wakikwambia tunaendelea mpaka akubali, basi anafanyishwa mazoezi ya kilekile kilichomvua viatu, na una haki ya kuwaambia wabadilishe. Wala huombi upendeleo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 12 unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu, na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kifungu cha 7 unaongeza kwamba mtoto mwenye ulemavu apewe msaada unaofaa ulemavu wake na umri wake ili aitumie haki hiyo.

Na kuhusu viatu, nenda shule. Usimgombeze yeye kwa kuvitoa hata kidogo.

SWALI: Mi ni mwalimu wa chekechea, nina mtoto mmoja mwenye usonji, tumempa kadi ya "pumziko" sasa anaitoa kila baada ya dakika mbili, kazi hazifanyiki. Msaidizi wangu anashauri tuifiche mpaka amalize kazi. Ni sawa?

JIBU: Hapana mwalimu, msiifiche. Kadi ya kuwasiliana haichukuliwi kama adhabu wala haizuiwi mpaka mtoto astahili, ni sawa na kumziba mdomo mwenzake anayeongea.

Andika kwa siku chache anaitoa kwenye nini. Kama ni kila mnapofika kwenye kuandika basi kuandika kumemshinda, labda penseli tu haishikiki, na hapo anahitaji kadi ya "nisaidie" zaidi ya pumziko. Kama ni kwenye kila kitu basi angalia chumba, kelele ya viti, mwanga, amekaa karibu na nani. Punguza kazi iwe fupi kuliko muda anaovumilia sasa, akivumilia dakika 2 mpe ya dakika moja, amalize, apumzike bila hata kuomba, alafu uongeze polepole. Pumziko nalo liwe na mwisho anaouona, kipima muda cha mchanga kinatosha, na kazi ikiendelea iendelee palepale ilipoishia. Akishazoea vizuri mnaweza kumpa kadi za pumziko kadhaa kwa kipindi kimoja azipangie mwenyewe matumizi. Ila "basi", "inauma" na "nataka kwenda chooni" zisiwekewe idadi kamwe, na zibaki mezani kwake hata siku ambayo hajafanya kazi yoyote.